Tata Ngeleka na Kaye ya Filimbi

Wafiwa wapendwa, padri wetu, wanakwaya mliobaki mjini na ninyi mliotoka stesheni kwa miguu asubuhi hii: mimi ni Kyungu Gracien, karani wa kwaya na ndugu mdogo wa mjane. Dada yangu, Mama Mbuyu Rachelle, ndiye aliyenipa kazi ya kuandika wasifu huu na kuusoma. Tangu mwezi wa tatu alikuwa hasemi nami. Juzi aliniita chini ya turubai lao pale stesheni akaniambia, "Utaandika maisha yake yote. Na ya kaye utaiandika. Kama unairuka, usikuye ku malalo." Yaani nikiliruka daftari lile, nisifike makaburini. Treni ya Kasai imetangazwa kwa keshokutwa, Ijumaa, na yeye atapanda na watoto. Mimi nitabaki. Kwa hiyo kama kuna la kusemwa kati yake na mimi, ni leo, na linaanza na haya ninayosoma.

Tata Ngeleka wa Mukendi alizaliwa tarehe 9 Juni 1941 katika kambi ya wafanyakazi ya Musonoi, hapahapa Kolwezi, akiwa mtoto wa tatu wa Tata Mukendi na Mama Mushiya. Baba yake aliletwa kutoka upande wa Gandajika kwa mkataba wa mgodini. Siku hizo hakuna aliyemuuliza ni mtu wa wapi. Walimuuliza kama mgongo ni mzima. Mtoto alibatizwa Boniface, jina alilolitumia hadi 1972, tulipoambiwa wote turudie majina ya mababu. Kasai yenyewe aliiona mara mbili tu, kwa misiba miwili, na mara zote alirudi akilalamika juu ya chakula.

Alisoma shule ya msingi ya parokia kuanzia 1947 hadi 1953, kisha shule ya ufundi, ambako alijifunza kukata, kukunja na kulehemu mabati. Alipata cheti Julai 1958. Lakini shule iliyomfanya awe Ngeleka tunayemjua ilianza Agosti 1957, siku kinanda chetu cha filimbi kilipofika kwa reli kutoka Lobito, kupitia Dilolo na Kasaji, kikiwa ndani ya masanduku thelathini na moja. Wanafunzi wa ufundi waliitwa kubeba. Yeye alibeba, halafu hakurudi nyumbani. Alikaa akitazama fundi Mbelgiji akisimamisha filimbi mia nne thelathini na nane, za bati na za mbao, ndogo kama kalamu na kubwa kupita mtu mrefu. Padri aliyekuwa akipiga kinanda alimfukuza kwa sababu ya grisi mikononi. Kijana akasugua mikono kwa mchanga na limau mpaka ngozi ikapasuka, akarudi. Padri alichoka kumfukuza akaanza kumfundisha.

Mwaka 1958 aliajiriwa katika karakana ya mgodi, akafanya kazi humo miaka thelathini na minne. Jumatatu hadi Jumamosi alikuwa mtu wa mabomba ya maji machafu na matangi. Jumapili alikuwa kwenye kinanda. Padri yule alipoondoka mwaka 1960, mji mzima haukubaki na mwingine ajuaye kukipiga wala kukitengeneza. Mivukuto, ile mifuko mikubwa inayosukuma upepo, aliibandika ngozi za mbuzi alizoagiza Kasaji. Umeme ulipokatika, waimbaji wa sauti ya nne walipokezana kupampu kwa mguu, na mahubiri yalipokuwa marefu walisinzia hukohuko juu. Vita vya 1978 vilipopita alihesabu filimbi tano zenye matundu ya risasi, akazilehemu moja baada ya nyingine.

Nilijiunga na kwaya mwaka 1968. Kulinganisha sauti za kinanda kunahitaji watu wawili: mmoja anabonyeza kibao, mwingine yuko ndani kati ya filimbi, akigonga na kusikiliza. Kwa miaka ishirini na mitatu mimi nilikuwa mwenye kubonyeza. Yeye, bila kuonekana, alisema neno moja tu: "Ingine." Nabonyeza kinachofuata. "Ingine." Asubuhi nzima ikapita hivyo, nasi tukatoka tukiwa na njaa na furaha. Nilimpenda mtu huyu, na ninataka mlijue hilo kabla ya mengine.

Alimwoa dada yangu tarehe 16 Julai 1966. Sisi ni watu wa Katanga kaskazini, na wazee wetu hawakufurahi binti yao kuchukuliwa na mtu wa Kasai, lakini mahari ililiwa na maneno yakaisha. Siku ya harusi, bibi na bwana wakiwa wamepiga magoti, filimbi moja iligoma kunyamaza. Ililia juu ya sala za padri kama mbuzi aliyefungwa. Bwana harusi alivumilia dakika mbili. Kisha akainuka, akapanda ngazi na suti yake mpya, tukasikia kishindo, ikanyamaza. Akarudi na vumbi magotini. Dada yangu husema hadi leo, "Mi niko bibi wa pili. Wa kwanza alimuoaka mu cinquante-sept," yaani kinanda, mwaka 1957. Mungu aliwajalia watoto watano.

Sasa naja kwenye kaye.

Oktoba 1991 wanajeshi na raia walipora maduka ya mji huu. Yalipokwisha, watu wakaanza kung'oa nyaya, madirisha na mabati ya paa. Tata Ngeleka aliona kwamba zamu ya kanisa haiko mbali, kwa kuwa bati la filimbi lina mnunuzi. Aliacha safu moja tu ya filimbi ili misa isikose muziki. Nyingine zote, mia tatu themanini na tisa, alizishusha akawagawia wanakwaya hamsini na saba wakazifiche majumbani. Aligawa kwa sauti: wanawake wa sauti ya kwanza walipewa zile nyembamba, wanaume wa sauti ya nne wakabeba za mbao. Kila mmoja alizichukua akiwa amezifunga ndani ya kitenge. Na katika kaye ya shule, kwa mwandiko wake mzuri, aliandika namba ya filimbi, jina la mwenye kuitunza, avenue na namba ya nyumba. Kaye hiyo aliiweka ndani ya kiti cha kinanda. Funguo zilikuwa mbili: yake na yangu.

Mwishoni mwa 1992 alipoteza kazi, pamoja na wengine wenye majina ya Kasai kama lake. Machi 1993 kufukuzwa kwa watu wenye asili ya Kasai kulianza mtaani kwetu. Familia za kwanza zilikwenda kulala stesheni. Kati ya wanakwaya hamsini na saba, thelathini na mmoja walikuwa watu wa asili ya Kasai, na mimi nilianza kuhesabu. Sikuhesabu watu. Nilihesabu filimbi. Nilijiambia: hawa wataondoka kwa haraka, watazitupa, au wataziuza njiani wapate unga. Niliwawazia hivyo waimbaji niliokaa nao benchi moja miaka ishirini na mitano.

Jumapili tarehe 21 Machi, baada ya misa, Tata Ngeleka alikuwa amekwenda stesheni kuwapelekea maji waliofukuzwa. Mbayo, kiongozi wa vijana wa mtaa wetu, alinikuta kanisani. Alikuwa amevaa vizuri, akaongea kwa adabu, na filimbi aliziita batuyo. "Tata Gracien, tunasikia batuyo ya kanisa iko mu manyumba ya batu. Utupatie ile kaye. Tutapita nyumba kwa nyumba, tutazirudisha zote mbele ya batu kuondoka."

Nilimuuliza kama hakuna mtu atakayeguswa.

"Batu gani, tata? Tunatafuta batuyo tu."

Nilifungua kiti nikampa. Hakunishika mkono, hakunitisha. Hata nilimshukuru.

Jumanne tarehe 23, saa tatu asubuhi, Mbayo na vijana wake walianza na ukurasa wa kwanza. Waliruka majina ya kwetu na kusimama kwenye majina ya Kasai. Walifuata kaye kama ilivyopangwa: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mama Bilonda, ambaye yuko hapa, alikuwa wa kwanza. Walimvunja mkono na kuchoma nyumba yake. Ilipofika saa nane mchana waimbaji wa sauti ya pili walikuwa wameshaelewa mpango, wakawa wamekaa nje juu ya vifurushi vyao, wakisubiri zamu. Hakuna nyumba hata moja ambamo filimbi iliulizwa. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wake mwenyewe. Walifika siku ya pili yake. Dada yangu anasimulia kwamba mumewe aliona kaye mkononi mwa Mbayo, akautambua mwandiko, akauliza nani amewapa. Wakamwambia. Aliingia ndani kuchukua koti. Dada yangu walimwambia kwa heshima: "Mama, weye uko mutoto wa hapa. Utaikala." Aliwajibu, "Sasa nitaikala na nani?" Akafunga mizigo akafuata.

Waliishi stesheni miezi minne na zaidi, kando ya reli, wakisubiri treni iliyokuja mara chache na kuondoka imejaa. Wiki ya pili nilipata moyo wa kwenda, nikiwa na mfuko wa unga. Alikuwa ameketi juu ya jiwe. Alipokea unga, akanipa nafasi nikae. Kisha akauliza, "Batuyo ngapi ilirudi?"

Nikasema, hakuna.

"Ulitoa batu," akasema, "na haukupata hata tuyo moja."

Halafu alimwita Mianda, binti yake mkubwa, amsaidie kufungua vitenge vilivyopangwa nyuma yake. Ndani mlikuwa na filimbi. Waimbaji waliofukuzwa walizibeba. Watu walioacha masufuria, magodoro na vyeti vya shule walitoka na filimbi za kanisa kifuani. Mama Bilonda alitoka na zake saba kwa mkono mmoja. Pale stesheni zilikuwa zimefika mia moja na tisini na nne, na kwa kuwa kaye haikuwepo tena, alizijua namba zake kwa kichwa. Nilizitazama, na aibu iliyonishika siku ile haijaniachilia mpaka sasa ninaposimama hapa.

Nilirudi kila Alhamisi na unga. Aliupokea kila mara na kusema asante. Hakunitukana wala hakuniambia kwamba yamekwisha. Sitasema leo kwamba alinisamehe, kwa sababu sikulisikia neno hilo kinywani mwake, na dada yangu angejua kuwa nadanganya.

Tarehe 19 Julai alianza kuhara damu, ugonjwa uliokuwa umeshaua watoto wengi pale stesheni. Kulikuwa na chumvi ya kuchanganya na maji. Dawa nyingine haikupatikana. Alikonda upesi. Wiki ya mwisho alimwambia mkewe asimbebe Kasai: "Munizike hapa. Kule mi sijue mutu." Alifariki Jumatatu tarehe 2 Agosti 1993, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, mkewe na Mianda wakiwa wamemshika.

Jana alasiri waimbaji wa stesheni walikuja kanisani, wakazilaza zile filimbi mia moja na tisini na nne kwenye ngazi za mlango. Kila mmoja alitaja namba zake kwa sauti, padri akaandika. Mama Bilonda alipofika mbele yangu alinipa zake mkononi, akasema, "Shika muzuri," akaenda. Tumezipanga ndani. Kolwezi nzima hakuna anayejua kuzisimamisha, wala kupiga hata ile safu iliyobaki. Aliyejua yuko mbele yenu ndani ya sanduku hili. Jumapili ijayo tutaimba tena bila kinanda, watu ishirini na sita.

Marehemu anaacha mjane, Mama Mbuyu Rachelle. Watoto watano, Mianda, Mukendi, Stanislas, Tshilombo na Kabamba. Wajukuu watatu, wa mwisho akiwa amezaliwa stesheni mwezi wa tano. Na dada yake mmoja, aliyekwisha kuondoka kwa treni ya Juni na ambaye hatujui kama habari imemfikia.

Kwenye karatasi mliyo nayo, baada ya majina hayo, mnaona neno "Shemeji" na mstari usio na jina langu. Si kosa la mpiga chapa. Dada yangu alisema mstari huo ukae mtupu mpaka asikie haya yakisomwa mbele ya watu. Sasa ameyasikia. Kalamu ninayo mfukoni, na treni ni keshokutwa.

Udongo wa Kolwezi ndio uliomzaa Tata Ngeleka, na ndio unaompokea. Apumzike humo kwa amani, na mtu yeyote asimwondoe tena.