Shangazi wa Chumba cha Seva na Memori Inayojisahihisha

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kuzilea kompyuta za hospitali yetu, fundi mkuu wa chumba cha seva, ambaye sote tunamwita Shangazi, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Feni za chumba kile zitaendelea kunguruma, lakini nani atatufokea tukiingia na vikombe vya chai?

Alianza na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama televisheni ya sebuleni. Leo anatuachia seva zinazohudumia kila wodi. Na njiani alituambukiza ugonjwa wake: ukitajiwa namba yoyote, lazima uirudie. Mumewe, mwalimu wa hesabu, anaapa kwamba hata yeye mwenyewe akitumwa vitunguu, havuki kizingiti kabla hajarudia idadi.

Tulimcheka sana, mpaka binti wa dereva wetu wa ambulansi alipozaliwa kabla ya wakati. Daktari aliandika kwenye kompyuta dozi ya dawa yake, miligramu nne. Skrini ya wodini ikaonyesha kumi na mbili. Muuguzi wa zamu, ambaye ugonjwa wa Shangazi ulikwisha kumkolea, alimpigia daktari simu kuirudia namba kabla hajagusa sindano. Mtoto akasalimika.

Kila mtu alikuwa na mshtakiwa wake: umeme, virusi, vidole vya karani. Shangazi alifungua seva, akapima, akatuonyesha kipande cha memori kilichochakaa. Kompyuta huandika kila namba kwa sifuri na moja, nne ikiwa 0100 na kumi na mbili 1100; kipande kile kilikuwa kinageuza sifuri kuwa moja kimyakimya, na ndicho pia kilichokuwa kikiugandisha mfumo wetu kila mara, jambo tulilokwisha kulizoea. Hakutupa amani mpaka ikafungwa memori inayojisahihisha. Hii hubeba alama za ziada za kuhakiki kila inachohifadhi. Kosa dogo hulirekebisha yenyewe, kazi ikaendelea. Kosa likiizidi nguvu, mashine husimama badala ya kutoa namba ya uongo.

Tangu hapo mfumo haugandi ovyo. Ulisimama mara moja tu, tena saa za kuwaona wagonjwa, na muuguzi mkuu akashuka ngazi amefura, akitaka kujua hii ni mashine gani ya kususa kazi. Shangazi akamweleza kwamba haikususa, imekataa kudanganya, kisha akabadilisha kipande kibovu. Muuguzi mkuu akapanda ngazi mpole kabisa. Siku hizi ndiye anayewasimulia wageni habari za memori ile, kwa mbwembwe, utadhani aliifunga yeye.

Shangazi, asante kwa ukali wako na kwa roho yako safi. Siku ya kuondoka usihangaike na usafiri. Dereva wa ambulansi amelisugua gari lake wiki nzima ili akupeleke nyumbani, na binti yake, ambaye sasa yuko darasa la nne, ameshadai kukaa karibu nawe.

Tunakuombea afya, furaha na usingizi mtamu wa mchana. Tunarudia: afya, furaha na usingizi mtamu wa mchana.