Abosede Alabede na Dawa ya Mapunye Aliyoikataa Mwenyewe

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya dada yetu Abosede Alabede, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa Iseyin, binti wa marehemu Baba Fatunla, mfumaji, na marehemu Mama Ayoka, muuza majani ya dawa sokoni.

Alisoma hapa mjini, kisha Oyo, akahitimu ufamasia Ibadan mwaka 1975, akaajiriwa katika maabara ya mitishamba, na mwaka 1978 akaolewa na Mwalimu Gbadebo, wakajaliwa Tinuke na Rotimi.

Mwaka 1988 dawa yake ya mapunye, iliyokamuliwa kutoka majani ya asunwon, iliingia madukani ikasifiwa sana, lakini yeye aliendelea kupima chupa zilizobaki rafuni, akaona kwamba dawa mpya iliua kuvu, ilhali ile iliyokaa msimu mzima wa joto kwenye chupa angavu ilipauka, na kuvu ikaota juu yake kama kwenye mkate uliochacha. Aliomba irudishwe kutoka madukani, mkurugenzi wa maabara akamwuliza mbele ya wenzake, “Mama Tinuke, watu wanaisifu, wewe unataka kuiua?” naye akajibu, “Wanaoisifu waliipata mpya, Mkuu. Hawa wanaonunua chupa zilizokaa wanajipaka maji ya majani.”

Alipokataliwa, alipita duka kwa duka akiwaonya wauzaji, wengine wakamcheka, “Jamani, mwenye dawa anaikana dawa yake!” Aliondolewa maabara, akapelekwa kufundisha, na nyumbani shemeji yetu Gbadebo alimwuliza, “Watoto watakula huo ukweli wako?” swali lililomuuma kwa miaka.

Jikoni kwake aliendelea kukausha dawa ile iwe unga, akiihifadhi katika chupa nyeusi mbali na jua, akiipima kila kiangazi na kila masika, hata mwaka 1999 akapata unga uliokaa miaka miwili bila kupoteza nguvu, ambao maabara ileile, chini ya uongozi mpya, iliupokea.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2016, akafariki tarehe 14 Agosti 2019, Ibadan, Rotimi akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kukesha nasi, na wenzake wa kazini, wakiwemo waliompinga na leo wamelibeba jeneza lake. Alituagiza tusiseme hapa kwamba dawa yake iliponya kila mtu, kwa kuwa si kweli, nasi hatusemi.

Mama Tinuke, lala kwa amani.