Mama Beatrisi Aliyetufumbisha Macho

Miaka kumi na saba Mama Beatrisi ametumikia Taasisi ya Juu ya Mwambao, hapa Rumonge, na tarehe 30 Juni anarudisha ufunguo wa ofisi na kwenda kupumzika kwake Kizuka. Walipotafuta wa kuandika wasifu wake, wakubwa waliwaruka wenye shahada wote wakaniangukia mimi niliyeishia darasa la nane. Hawakukosea. Mimi ndiye fundi wa video mkali kuliko wote kutoka hapa mpaka Minago, na mimi ndiye niliyesumbuliwa naye zaidi.

Alianza kufundisha katika kambi ya wakimbizi, Tanzania, ubao wake ukiwa mlango wa zamani. Mwaka 2008 alirudi nchini akaajiriwa hapa kama sekretari wa kupiga chapa maandishi ya walimu. Kiswahili chake cha huko kilituchekesha: mtu anasema "tafadhali" hata kwa imprimante, mashine ya kuchapa, iliyokwama! Kozi za mtandaoni zilipoanza, yeye ndiye aliyepewa kuzipanga, kwa kuwa yeye peke yake alikuwa amesoma maandishi ya walimu wote mpaka mwisho. Wengine walikuwa hawajamaliza hata ya kwao.

Sasa niseme kosa langu kabla hajalisema mwenyewe. Kozi yetu ya kwanza kubwa ilikuwa ya kukamua mawese. Nilitengeneza video kumi na mbili, rangi zinang'aa, muziki juu. Mwalimu Cubaka alisimama mbele ya mashine akinyoosha kidole: "Munaweka hapa, inapita huku, inatokea pale." Tukajipongeza kwa soda. Siku ya tatu akapiga simu Keren, mwanafunzi wa Minago asiyeona.

"Kaka, hapa ni wapi? Huku ni wapi? Nimesikiliza mara ine, najua tu kama mashine iko na kelele."

Mtihani ulibaki siku tisa. Mkubwa wa masomo akaamua Keren asubiri mwaka ujao. Lakini Keren alikuwa amekwisha kusubiri miaka miwili kwenye chuo kingine kilichomwambia maneno hayo hayo, na alisema safari hii akirudi nyumbani harudi tena shuleni. Mama Beatrisi hakugombana. Alimwomba mkubwa akae, afumbe macho, asikilize somo la kwanza, halafu aeleze mafuta yanatokea wapi. Mkubwa alisikiliza dakika kumi na moja, akafumbua macho.

"Mama, una siku tisa."

Siku zile sitaki hata kuzikumbuka. Cubaka alirudia kila somo akitaja kila kitu kwa jina na upande wake: pipa la kushoto, bomba la chini, mafuta mekundu yanayoelea juu ya maji. Muziki wangu ulitupwa. Kila picha iliandikiwa maelezo ambayo simu inaweza kuyasoma kwa sauti, na maneno ya mwalimu yakawekwa chini ya video kwa asiyesikia. Kila kitu nilikipunguza uzito kishuke kwenye simu hata Minago, ambako rezo, yaani mtandao, iko ya kubembelezwa. Nilipolalamika kwamba jasho lote hili ni la mtu mmoja, Mama aliniuliza: "Éphraïm, wewe uliacha shule kwa nini?"

Mwalimu wangu alikuwa akiandika haraka na kufuta haraka, na mimi nilikuwa mzito wa kusoma. Hakuna aliyerudia somo kwa ajili yangu.

Keren alifanya mtihani pamoja na wenzake, simu ikimsomea maswali sikioni. Alipata kumi na nne juu ya ishirini. Alipokuja kuchukua matokeo alianza na lawama: sauti ya Cubaka kwenye somo la saba inaleta usingizi. Mama alimwita Cubaka hapo hapo, wakarekodi upya.

Tangu hapo hakuna somo linalotoka kabla watu wawili hawajalisikiliza simu ikiwa imelazwa kifudifudi mezani. Na wamekuja watu ambao hatukuwafikiria: Mulamba, mvuvi kutoka Uvira, ambaye kioo cha simu yake kimepasuka chote, na akina mama wa Kizuka wanaojifunza huku mikono ikichambua chikichi.

Kuanzia tarehe 1 Julai kiti cha Mama kinakaliwa na Keren. Ameajiriwa. Ameshanirudishia video mbili, moja kwa sababu nilijisifu dakika nzima.

Murakoze cane, asante sana, Mama Beatrisi. Tunakuombea afya, wajukuu wenye kelele na majirani wapole. Ila usitupigie kila asubuhi kuuliza kama somo limepita kwa Keren. Litapita, au atanirudishia.