Alama za Jacklyne Namalwa Kibe (1974–2025)

Jacklyne Namalwa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1974 huko Kamukuywa, Kimilili, Kaunti ya Bungoma. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Wafula na Mama Nasimiyu, ambaye yuko nasi hapa leo.

Alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1988 na wa kidato cha nne mwaka 1992. Mwaka 1994 aliitwa chuo kikuu kusomea biashara. Baba yake alipofariki mwaka 1996, alikuwa amemaliza miaka miwili. Aliacha masomo ili wadogo zake wasiache yao. Hakulalamika, lakini pia hakukubali kwamba mambo yameishia hapo. Akiulizwa amesoma hadi wapi, alijibu, "Nimesimama kidogo."

Mwaka 1997 alikuja Nairobi akaajiriwa na wakala wa bima katikati ya jiji, kwanza mapokezi, baadaye upande wa madai. Alifanya kazi hapo hadi alipougua. Vijana walioletwa ofisini walifundishwa kazi naye, kisha wakawa wakubwa wake kwa sababu walikuwa na digrii. Wa mwisho hata swichi ya taa ni yeye aliyemwonyesha.

Mimi Kibe, mume wake, ni fundi wa mabomba. Nilikutana naye mwaka 1998 nilipoitwa kuzibua sinki ya ofisi yao. Wenzake walitoka nje kwa sababu ya harufu. Yeye alibaki akinishikia tochi, akitaka kujua maji machafu ya ghorofa ile huenda wapi. Tulifunga ndoa kanisani hapa Kabiria tarehe 11 Desemba 1999. Mungu alitujalia watoto wawili, Wangeci na Ryan.

Mnamo Septemba 2019 marehemu alirudi kumaliza digrii yake, katika chuo cha jioni kule mjini. Masomo yake ya zamani yalikubaliwa. Baadhi yenu mlioketi hapa mlisema amefuata vijana. Mmoja wenu aliniuliza kwenye lango la kanisa kama nimeshindwa kumzuia mke wangu. Sikumjibu siku hiyo, maana mimi si mwepesi wa maneno. Namjibu leo: sikuwahi kutaka kumzuia. Siku za Jumapili, baada ya chakula, alinipa karatasi zake nimuulize maswali. Nilifika darasa la nane tu, na Kiingereza kile nilikisoma kama mtu anayevuka matope. Alicheka mpaka akashika meza. "Baba Wangeci, pole pole," aliniambia, "hilo swali linalia."

Alimaliza masomo yote. Mtihani wake wa mwisho ulikuwa wa takwimu, Desemba 2021. Mwaka uliofuata jina lake halikuwa kwenye orodha ya mahafali. Aliambiwa alama za somo hilo hazionekani. Mwalimu aliyesahihisha alikuwa amehamia chuo kingine, na simu hashiki. Mwaka 2023 jina halikuwapo tena. Mwaka 2024 pia.

Alitumia saa yake ya chakula cha mchana kwenda kuuliza. Ofisi iko ghorofa ya sita na lifti ilikuwa mbovu muda wote huo. Alikuwa akipumzika kwenye ngazi pamoja na mwenzake Kavutha, ambaye naye alikuwa akitafuta alama zake. Siku moja nilimsindikiza. Mkuu wa idara, Daktari Thuo, alimwambia bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake, "Mama, unakimbilia wapi? Hawa vijana ndio wanatafuta kazi."

Akamjibu, "Daktari, kazi ninayo. Natafuta maksi zangu."

Daktari alicheka, na wasaidizi wake wakacheka. Wakamwambia arudie somo lote. Januari mwaka huu aliketi darasani na watoto wa umri wa Ryan, akifundishwa kitu ambacho alikuwa ameshakifanyia mtihani. Hao vijana walimpenda na kumwita Mathe, yaani mama. Wengine wamekuja leo, nawashukuru.

Februari miguu ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Daktari wa hospitali alisema ni moyo na kwamba angalipaswa kupumzika mapema zaidi. Hata akiwa kitandani aliuliza tarehe ya mtihani wa marudio. Alituacha asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Machi 2025. Sitasema chuo kilimuua, kwa sababu sijui. Najua kilimpandisha zile ngazi.

Siku nne baadaye nilipigiwa simu na chuo. Alama zimeonekana. Karatasi za darasa la jioni zilikuwa zimechanganywa na za mchana, zikawekwa kwenye kabati lile lile ambalo mke wangu alisimama mbele yake kila alipokwenda kuuliza. Alikuwa amepata sabini na moja. Miaka mitatu hakuna aliyefungua kabati hilo kwa ajili ya mtu aliye hai. Aliyekufa alifunguliwa kabla ya wiki kwisha.

Chuo kimeomba mambo mawili: joho liwekwe juu ya jeneza, na Daktari Thuo apewe nafasi ya kutangaza kwamba marehemu amepewa digrii kwa heshima. Mwenyekiti wa kamati yetu ya mazishi, Mzee Mutinda, alinisihi nikubali. Alisema, "Kibe, heshima ni heshima, hata ikichelewa." Wengine walitaka studio imvalishe joho kwa kompyuta kwenye picha ya kijitabu hiki. Namheshimu mzee, lakini nilikataa yote. Joho hakulivaa akiwa hai, hatavalishwa sasa ili watu wengine waonekane wazuri. Picha mnayoiona ni yake akiwa na sweta yake ya kijani.

Digrii si zawadi. Aliipata kwa mtihani aliofanya Desemba 2021. Wangeci ataenda kuichukua siku ya kazi, kwenye dirisha la ofisi ile ile ya ghorofa ya sita, kama mwanafunzi yeyote aliyefaulu.

Daktari Thuo akifika, aketi na wageni wengine na chakula apewe. Hatufukuzi mtu msibani. Kipaza sauti hatapewa. Kavutha yuko hapa, ameketi na akina mama wa kanisa, na alama zake bado hazijaonekana. Yeye yu hai. Daktari akienda kufungua kabati kwa ajili yake, aje Kabiria wakati wowote. Nitawaita jirani zangu wote, na nitamshikia kipaza sauti mimi mwenyewe aseme atakalo.

Marehemu atazikwa leo, Ijumaa tarehe 21 Machi 2025, katika shamba la familia hapa Kabiria, kando ya mama mkwe wake, Wangeci mkubwa, ambaye alikuwa akimwombea kila alipoenda kufanya mtihani.

Ameacha mume, Kibe. Watoto Wangeci na Ryan. Mama yake, Nasimiyu. Ndugu zake wanne, ambao wote walimaliza shule. Na wenzake wa darasa la jioni.

Apumzike kwa amani Jacklyne Namalwa Kibe, aliyemaliza masomo yake.