Adriano Pompi Alipulizia Nini?

Kabla ya yote, apa. Mdomo umefungwa, mkono kifuani. Na usiape kama Fatouma alivyoapa, maana yeye aliapa asubuhi akiwasha jiko, na mkaa ulikuwa haujashika moto vizuri alipokuwa tayari ameitoa siri. Umeapa? Haya, sogea. Ukishindwa kukaa na neno hili, basi mwambie mtu mmoja tu, na yeye umwapishe.

Kijiwe chenyewe kiko Muyinga, mtaa wa Waswahili, karibu na soko. Benchi moja, birika la kahawa ya tangawizi la Fatouma, na cherehani ya Othmani kandokando. Othmani wanamwita Redio kwa sababu hazimiki. Eliud, mkulima aliyekulia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, wanamwita Kigoma. Wa tatu ni Gervasi, aliyekuwa mtunza stoo wa kambi ya jeshi kabla amani haijarudi na askari kuvuliwa magwanda. Huyo wanamwita Magazini, yaani stoo. Anavaa koti hata jua likiwa la kupasua mawe.

Basi asubuhi hiyo Jeska, mke wa Adriano, alikuja kwa Fatouma macho yamevimba. Mumewe ana mitoki, mavimbe shingoni na makwapani, na madaktari wameipa jina: kansa ya tezi. Wamekwenda mpaka Gitega, kwenye komisiyo, ile tume ya askari wa zamani. Wakaambiwa, ugonjwa ukiwa wa jeshini, jeshi litamtibu. Ukiwa wa nyumbani, atibiwe na nyumba yake. Sasa Adriano hajawahi kupigwa hata risasi moja. Miaka yote kambini alibeba pompi mgongoni akapulizia mablanketi dawa ya kunguni, ndiyo maana wenzake walimwita Pompi. Gitega wakamuuliza, dawa gani? Hajui. Ilitoka stoo, akaikoroga, akapuliza. Wamempa mpaka kesho alete mtu wa kambi ile aseme dawa ilikuwepo. Na mtu huyo Muyinga nzima ni mmoja, Gervasi, ambaye walipomwendea amewakana mlangoni kwake.

— Usimwambie mtu, Mama Fatouma. Watu watasema nimempa sumu.

Fatouma akaapa kwa Mungu na kwa wanawe. Lakini Jeska alipogeuka, Fatouma akaona kuwa siri hiyo ikitunzwa inamzika Adriano akiwa hai. Zaidi ya hapo, tuseme kweli, ilikuwa inamwasha ulimi. Walipokwisha kukaa wote watatu, akammiminia Magazini kwanza, kikombe cha kumwagika.

— Mnajua Pompi iko na kansa?

Cherehani ikanyamaza.

— Kansa ya wapi? Redio akauliza.

— Ya tezi. Imetoka jeshini, kwa ile dawa alikuwa anapuliza. Magazini, si we ulikuwa unamupa? Ilikuwa dawa gani?

Magazini akatazama ndani ya kikombe kana kwamba jibu limezama humo.

— Dawa? Kwetu hakukuwa dawa. Kulikuwa sabuni.

— Na ndani ya pompi kulikuwa nini?

— Maji, Mama. Alikuwa anapuliza maji. Ni nidhamu, quoi.

— Kwa hiyo kunguni walikufa kwa nidhamu? Kigoma akasema.

Redio akacheka mpaka uzi ukakatika, kisha akapandisha miwani. Alipopandisha miwani, watu walijua nadharia inakuja.

— Sikilizeni mi. Ni kofia ya chuma. Jua inapiga chuma, ubongo inapata moto, inatoka jasho. Jasho ya ubongo inashuka, ikifika kwa shingo inakwama. Ndiyo tezi hiyo!

— Voilà! Magazini akapiga goti. Kofia! Mi mwenyewe nilisema siku mingi.

— Mbona wewe hujavimba? Kigoma akamuuliza.

— Mi nilikuwa navaa bere ya kitambaa.

— Mimi nasema ni buti, Kigoma akasema. Nimewaona askari kule kambini Kibondo. Buti zile zinabana mshipa wa mguu. Damu ikikosa pa kushukia inarudi juu, inajikusanya kwapani.

— Voilà! Buti!

— Si umesema kofia? Fatouma akamkazia macho.

— Kofia na buti, Mama. Vinakutana katikati.

Fatouma hakusoma hata madarasa manne, lakini watu alikuwa anawasoma kwa miaka arobaini akiwa nyuma ya birika. Akaona kitu. Mtu huyu anakubali kila kinacholetwa isipokuwa kimoja, dawa. Akamwongezea kahawa.

— Non, non, Redio akaendelea, sasa amesimama. Mnasahau fanfari, bendi ya jeshi! Yule wa tarumbeta anajaza hewa kwa mashavu. Hewa ikikosa mlango inaingia kwa shingo.

— Lakini Adriano hakupiga tarumbeta, Kigoma akasema.

— Alikuwa analala jirani na mwenye kupiga!

— Voilà, Magazini akasema, lakini sasa kwa sauti ndogo, akilitazama soko. Alors, mi naenda. Kuna mtu ananingoja kule nyuma.

— Maliza hiki, Fatouma akasema. Ni cha bure.

Magazini hakuwahi kuacha cha bure. Akakaa tena.

— Useme tu mbele ya hawa, baba, Fatouma akaendelea. Kesho upande gari na Adriano mpaka Gitega, useme dawa ilikuwa. Neno moja. Itakupunguzia nini?

Ndipo Magazini alipochafuka. Akaweka kikombe chini.

— Mnataka ukweli? Nitawapa ukweli. Mtu akivimba shingo hivyo, ni sumu. Na sumu haitoki stoo, inatoka jikoni. Nani anamupikia Adriano? Yule mwanamuke alilelewa Tanzania, huko wanajua mambo mingi.

— Hata mimi nimelelewa Tanzania, Kigoma akasema.

— We si mwanamuke.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu Jeska alikuwa amesimama nyuma ya benchi na kapu la maparachichi. Alikuwa ameyasikia yote. Fatouma akahisi masikio yakimchoma kama amemwagikiwa maji ya birika. Yeye ndiye aliyelifungua bomba hili.

— Uliapa, Jeska akamwambia.

— Niliapa. Nimevunja. Keti, binti yangu.

— Siketi.

Akaliweka kapu chini, akamzunguka Gervasi mpaka wakatazamana.

— Ni sumu kweli, Gervasi. Hapo hujakosea. Ila haikupikwa jikoni kwangu. Ilikorogwa kwenye ndoo, na mume wangu aliikoroga kwa mkono mtupu mpaka kwenye kiwiko, kwa sababu wewe stoo ulikuwa na glavu na hukumpa. Kesho niko Gitega. Uje, usije, nitasema. Wakinitoa mlangoni nitasemea dirishani. Wakifunga dirisha, nitawangoja njiani wakienda kula. Watanichoka wao kabla mimi sijachoka.

— Una shahidi? Magazini akasema. Bila shahidi ni kelele tu, mama. Dawa hiyo haikuwa. Naapa kwa Imana, Mungu wetu, haikuwa!

Hapo ndipo alipotokea mama mmoja kutoka upande wa soko, jasho linamtiririka, mkeka umekunjwa kichwani. Mgeni kabisa, hakuna aliyemjua. Akawapita wote, akamsimamia Magazini.

— Yoo, mzee! Nimekungoja kule nyuma mpaka nimechoka. Gari ya Buhinyuza inaondoka. Ile dawa ya kambi bado iko?

Benchi zima likamgeukia Magazini.

— Dawa gani hiyo, mama? Fatouma akauliza, sauti imelainika kama samli.

— Ya kunguni! Si mwenyewe aliniambia ni ya jeshi, haipatikani kwa maduka? Niliweka mara moja tu, hata panya walihama.

— Amenifananisha, Magazini akasema, akainuka.

Fatouma akamshika pindo la koti.

— Hilo koti nilishona mi! Redio akadakia. Iko na mifuko mbili ya ndani. Nikamuuliza za nini, akasema za rozari!

Magazini akaingiza mkono ndani ya koti ili akinge alichokuwa nacho. Redio akavuta kutoka kulia, Kigoma kutoka kushoto, na humo ndani kukasikika karatasi ikipasuka. Mkono ukatoka. Ulikuwa mweupe mpaka kwenye kifundo, na unga unadondoka katikati ya vidole kwenye benchi, mbele ya wauza ndizi, mbele ya wenye baiskeli, mbele ya nusu ya soko lililokwisha kukusanyika. Harufu ikapanda, kali, ya kukereketa koo. Fatouma akafunika birika kwa kanga.

Jeska hakurudi nyuma. Aliivuta harufu ile mara mbili.

— Shati zake zilinuka hivi. Kila alipokuja likizo. Nikidhani ni jasho la kazi.

Magazini akataka kujipangusa kwenye suruali. Jeska akamdaka kifundo.

— Usifute! Nawe, mama wa Buhinyuza, gari yako utaisamehe. Kesho tunakwenda wote Gitega, ukawaambie uliuziwa na nani. Gervasi, nyingine iko wapi?

Gervasi akajaribu kuuvuta mkono.

— Nimekuuliza, nyingine iko wapi?

— Iko nyumbani. Kopo kubwa mbili. Chini ya kitanda.

— Kitanda cha nani? Fatouma akauliza.

— Changu.

Jeska alikuwa bado ameushika ule mkono mweupe, juu, kila mtu auone. Na mkono wa pili, ule safi, Gervasi akaupandisha polepole mwenyewe, akaingiza vidole ndani ya kola, akaanza kujipapasa shingo, upande huu, kisha upande huu.