Mzee Taratibu na Ndama Kumi na Saba

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mzee Taratibu anafunga miaka thelathini na mitatu ya kazi katika ranchi yetu. Alianza kwa kuzoa samadi, akapanda hadi msimamizi wa kuhasi, na anaondoka akiwa mlinzi wa geti. Mtauliza mtu anapandaje kisha anashuka hivyo. Nitafika huko, ingawa ningependa sana nisifike.

Jina lake la utani alilipata zizini. Kila ndama dume aliyebanwa kwenye uzio aliambiwa kwanza taratibu, baba, taratibu, ndipo koleo la kuhasia likafuata. Sisi wengine tulifumba macho na kubana mapaja. Yeye alimaliza ndama sitini kabla ya chai. Siku fahali mmoja alipomrusha juu ya uzio, aliinuka, akajipangusa suruali, akamwomba radhi fahali. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Miaka minane iliyopita tulinunua fahali tuliyemwita Bwana Harusi. Aliyemchagua ni mimi, karani wa kumbukumbu za mifugo. Alikuwa na kifua kama kabati, ila korodani iliyoshuka ilikuwa moja tu. Mzee aliniambia kasoro hiyo hurithiwa. Nikamjibu kwamba tunanunua ng'ombe, si viatu, hatuhitaji jozi. Watu wakacheka, nami kichwa kikavimba.

Zamu ya kuwahasi ndama wa Bwana Harusi ilipofika, kumi na saba walikuwa na korodani moja, nyingine imebaki tumboni. Mzee alifanya inavyotakiwa: hakuwagusa, akawaandika mmoja mmoja kwenye daftari, kwamba ana moja tu, asiuzwe kama maksai aliyehasiwa. Fomu yangu haikuwa na nafasi ya "moja tu". Nikajaza kwamba wote wamehasiwa. Kwa uvivu, au kwa kumlinda fahali wangu? Yote mawili.

Wateja walirudi wamefura: hao maksai wao walikuwa wakipanda mitamba! Meneja akaita kikao, akataka kujua nani aliacha kazi nusu. Fomu zilikuwa mezani. Daftari lilikuwa kwenye droo yangu. Nikatulia kama maji mtungini. Mzee alinitazama, akangoja, kisha akasema alichokiona alikiandika. Hakuna aliyeuliza aliandika wapi. Akapewa barua ya onyo na kupelekwa getini.

Kwa miaka sita amenifungulia geti kila asubuhi na kuniuliza hali ya watoto. Mke wake aliwahi kumuuliza mke wangu sokoni kama ni kweli mikono ya mumewe ilizeeka. Nilisimuliwa hayo mezani. Hata hapo sikusema. Naona haya, jamani, naona haya hata kuandika.

Juzi nilimpelekea meneja daftari. Barua ya onyo imetolewa kwenye faili la Mzee, na yangu imeingia kwenye langu. Kamati ya kumuaga Mzee iliniomba ukurasa wa kuchekesha, mnisamehe, nimeshindwa.

Mama yetu, mke wa Mzee, mikono ya mumeo haikuzeeka. Alihesabu sawasawa, aliyedanganya ni mimi.

Mzee wetu, asante kwa miaka yote, hata ile sita niliyokuibia. Tunakutakia afya, raha ya nyumbani na jina lako safi. Ijumaa nitausoma ukurasa huu mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wote waliokuwa kwenye kile kikao.