Chumba Kimeandikwa, Mtu Hayumo

Kijiwe cha Mdoe kilikuwa taruma moja la reli lililolazwa juu ya mawe mawili, hatua chache kutoka stendi ya Korogwe, na kila aliyekikalia zaidi ya mwaka alikuwa amepata jina ambalo hakuzaliwa nalo. Mwaka huo wa themanini na nne, sukari ikipatikana kwa kibali na sabuni kwa bahati, kahawa ya Mdoe ndiyo pekee isiyokuwa na foleni. Asubuhi ile walikuwapo wa siku zote: Mdoe mwenyewe na birika lake, Sadala, aliyeitwa Waziri kwa sababu hapakuwa na jambo la wizara yoyote lililompita, na mzee Ponsiano, Mkonge kwa jina la kijiwe, aliyekata mkonge miaka ishirini na sita na mikono yake bado ina makovu ya miiba. Wa nne alikuwa Mhina, yaani Waya, mtoto wa hapo hapo Manundu, aliyejifunza kutengeneza redio bila mwalimu, akajifunza kompyuta kwa vitabu vya kuazima, mpaka ofisi moja ya Dar es Salaam ikamwajiri. Alikuwa likizo. Lakini magotini alikuwa na bunda la karatasi lililofika juzi kwa basi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa.

– Waya, kunywa, inapoa.

– Iache ipoe.

– Tangu juzi unasoma barua hiyo hiyo, alisema Sadala. Mpenzi gani huyo anaandika kurasa arobaini?

– Si barua, Waziri. Ni programu. Na ukinisemesha tena nitakupiga nayo.

Mhina alikuwa mwepesi wa hasira, lakini kuficha jambo hakujua. Dakika mbili baadaye alishawaeleza yote. Kompyuta ya ofisini kwao ndiyo iliyotoa orodha za mbegu za vijiji kabla ya mvua za vuli. Katika kiini cha programu zake kulikuwa na kipande kinachoendesha mashine ya kusoma kanda, na kipande hicho alikiandika yeye. Mwezi uliopita Bonaventura, kijana aliyerudi na digrii, alibadilisha namna kipande hicho kinavyoomba nafasi kwenye kumbukumbu ya mtambo. Tangu hapo mtambo ulifanya kazi siku mbili, ya tatu unaganda. Mkuu wao alituma kurasa hizo na maneno machache: Soma mabadiliko. Piga simu Alhamisi kabla ya saa sita, utaje mstari wenye kosa. Usipouona, tutajua kosa ni lako la zamani, na kiini atakishika Bonaventura.

– Alhamisi si ndiyo leo? Sasa saa ngapi? aliuliza Mdoe.

– Nne kasorobo.

– Si useme tu kosa ni la Bonaventura? Nani atajua?

– Nitajua mimi! Nikisema amekosea bila kuonyesha mstari, huko si kukagua, ni kusingizia. Bora waninyang'anye.

Sadala alikohoa kiwaziri.

– Mimi nimeshaujua ugonjwa. Hiyo kumbukumbu imetengenezwa kwenye baridi. Joto la Dar linaiyeyusha. Wahenga walisema, asiye na mwana aeleke jiwe.

– Jiwe linaingiaje hapo?

– Linaingia tu. Usikatishe wahenga.

– Ingekuwa inayeyuka, alisema Mhina, ingeyeyuka kila siku. Hii haiyeyuki, inajaa. Kila kazi inaomba nafasi, inatumia, inarudisha. Lakini siku ya tatu ukitazama, nafasi zote zimechukuliwa na hakuna anayezitumia.

– Ahaa! Mlanguzi! Sadala alisimama kabisa. Nafasi zimechukuliwa, hazitumiki, wananchi wanakosa. Humo ndani kuna mhujumu uchumi ameficha nafasi chini ya uvungu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Fanyeni msako!

– Mlanguzi wa umeme?

– Kwani makaburu wanashindwa nini? Wametia mtu wao kwenye kanda. Mtu mwembamba.

Mdoe alicheka hadi kahawa ikamwagika kwenye kidole, kisha naye akatoa yake.

– Mimi nasema mtambo wenu una kinyongo, kama mama mkwe wangu. Hausahau. Kule Mpale kuna mzee ana dawa ya kusahaulisha. Alimpa shemeji yangu, akasahau hadi njia ya shambani. Upakeni kidogo, si sana, usije ukasahau na mbegu za watu.

– Jamani nawaomba! Mhina alilipiga bunda la karatasi kwa kiganja. Nimefuata njia nzima, mstari kwa mstari, mara nne. Programu inaomba nafasi ya kwanza, ya jina la kanda. Inaomba ya pili, ya kile kinachosomwa. Inaomba ya tatu, ya foleni. Inafanya kazi. Ikimaliza inarudisha zote tatu. Bonaventura hakukosea popote. Kila anayemaliza kazi anarudisha!

Mzee Ponsiano, ambaye hadi hapo alikuwa akipuliza kikombe chake tu, akauliza bila kuinua kichwa:

– Na asiyeanza?

– Shikamoo mzee, niache. Asiyeanza kazi hana cha kurudisha.

– Marahaba. Hata karani wetu alisema hivyo hivyo.

– Karani gani?

– Wa shambani, ng'ambo ya mto. Zamani tulikuwa na karani mzee, mkali, mwandiko wake kama miguu ya kuku. Ukifika kuomba kazi anakupa kwanza chumba cha kambini. Ukipata chumba unaenda kupewa blanketi. Ukipata blanketi unaenda stoo kupewa panga. Panga likiwa limekwisha, hakuna kazi. Basi yule mzee anakurudisha nyuma: lete blanketi, haya, lete ufunguo. Anafuta jina. Ndiyo unaondoka.

– Enhe.

– Akaja karani kijana, msomi, mwepesi. Akaona yule mzee anapoteza muda. Yeye panga likikosekana anasema, "Panga hakuna, nenda zako." Foleni ikawa inakwenda kama gari moshi! Tukamsifu. Jumamosi, kambi nzima imejaa kitabuni. Vyumba arobaini, majina arobaini. Ukipita jioni, moto unawaka kwenye meko matatu tu. Na watu waliokuja na mapanga yao wanalala barazani kwenye korona, kile kiwanda cha shambani, pamoja na mashine za kusagia mkonge. Akaulizwa, akafungua kitabu: "Kila aliyemaliza mkataba amerudisha chumba." Na alikuwa anasema kweli.

Sadala alifungua mdomo.

– Nyamaza, Waziri, alisema Mhina polepole.

Alikuwa ameacha kusoma njia ya aliyefanikiwa. Alirudi nyuma kurasa sita, pale ambapo programu inaomba nafasi ya tatu na kunyimwa. Sehemu hiyo hakuwa ameisoma hata mara moja. Mtu amekosa, anaondoka, kuna nini cha kusoma? Katika programu yake ya zamani, palikuwa na mistari mitatu hapo: rudisha ya pili, rudisha ya kwanza, sema umekosa. Mistari mibaya, mirefu, kama mwandiko wa yule karani mzee. Bonaventura alikuwa ameifupisha. Umebaki mmoja: sema umekosa.

– Mia mbili na kumi na nne, alinong'ona.

– Nini?

– Mstari! Mstari wa mia mbili na kumi na nne!

Akapanda barabara ya posta mbio, karatasi zikimpepea kwapani, ndala moja imebaki chini ya taruma.

Alirudi saa tano na nusu akitembea taratibu, bila bunda, bila ile ndita ya katikati ya paji. Akakaa. Akanywa kahawa iliyopoa kama maji ya mtungi na akaisifu.

– Wamesemaje?

– Nilimtajia mkuu mstari, nikasikia anapekua. Halafu Bonaventura mwenyewe akasema, "Kaka, nilidhani asiyeanza hana cha kurudisha."

– Ukamtia adabu!

– Nimtie adabu ya nini? Nilimwambia, hata mimi asubuhi hii nilidhani hivyo. Anairudisha mistari sasa hivi. Kiini kimebaki kwangu. Mzee Ponsiano, kahawa yako juu yangu hadi likizo iishe.

– Na ya mlanguzi? aliuliza Sadala. Nilisema zimefichwa. Sikusema?

Hapo ndipo akapita Mwantumu, balozi wa nyumba kumi, na daftari lake la sukari. Wakamwamkia, na Sadala hakumwacha apite bila kumhadithia mkasa mzima, makaburu wakiwemo. Mwantumu alisikiliza amesimama.

– Nimeelewa, alisema. Vyumba vimerudi, mtambo hautaganda. Na yule?

– Yupi, mama?

– Aliyenyimwa. Mimi nikimwambia mtu sukari imekwisha, kesho alfajiri yuko mlangoni kwangu. Huyo wenu wa kanda, mnamwambia amekosa. Halafu anakwenda wapi?

Sadala aliwatafuta wahenga, wote walikuwa wametoka. Mhina aliifuata njia ile kichwani, nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, umekosa, na baada ya hapo hakuona mstari wa kumrudisha kwenye foleni. Badala ya kukasirika akaanza kucheka, cheko la kwanza tangu basi lilete bahasha, hadi akafuta macho.

– Mama, leo niache nifurahi kwanza.

– Furahi, baba. Lakini mtu umemwacha nje.